Kuchagua Daftari la Kwenye Tableti

Siku hizi mwanafunzi wa Namatala aweza kupata tableti, pengine imetoka kwa ndugu aliye Kampala au ng'ambo, pengine imenunuliwa mjini Mbale baada ya kutumiwa na mtu mwingine. Jambo la kwanza aulizalo ni hili: nitie programu gani nipate kuandika kwa mkono, kama niandikavyo katika daftari? Kila mtu humsifia ile anayoitumia yeye. Lakini programu hizo ni nyingi, na karibu zote zina wino wa rangi na karatasi ya mistari, kwa hiyo uzuri wa macho si kipimo. Nionavyo mimi, swali kubwa ni moja: maandishi yakiisha kuingia humo, yatatoka kwa njia gani?

Kuna atakayesema, kwa nini tuandike kwa mkono na hali tableti ina herufi za kubonyeza? Huyo ajaribu kubonyeza hesabu za sehemu, au mchoro wa moyo na mishipa yake, huku mwalimu anafuta ubao. Tena mitihani ya UNEB huandikwa kwa kalamu juu ya karatasi, na mkono usiozoezwa huchoka kabla ya saa kwisha.

Basi tuanze na kalamu, maana hakuna programu iwezayo kuitengeneza kalamu mbovu. Kalamu ya bei rahisi yenye ncha ya mpira, mbele ya kioo cha tableti, ni sawa na kidole tu. Kioo hakijui ipi ni kalamu na kipi ni kiganja, na ukiulaza mkono kama tulivyofundishwa, ukurasa hujaa madoa. Kalamu ya Samsung iitwayo S Pen haihitaji betri kwa kazi ya kuandika. Hupata nguvu yake kutoka katika kioo chenyewe. Ile ya iPad, Apple Pencil, ina betri na hapana budi kuitia umeme, jambo la kufikiriwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Kalamu hizo mbili kioo huzitambua, na programu nzuri hukipuuza kiganja. Mwenye kalamu ya mpira na atafute programu yenye dirisha la kukuza, ambamo waandika herufi kubwa chini nazo zatokea ndogo juu.

Sasa tutazame wino wenyewe. Programu nyingi za namna hii hazihifadhi picha ya maandishi yako. Huhifadhi njia iliyopita kalamu, nukta baada ya nukta. Ndiyo sababu waweza kulifuta neno moja, kulisogeza, au kulikuza lisiingie ukungu. Lakini kila programu huziweka nukta hizo kwa namna yake yenyewe, na programu nyingine mara nyingi haiwezi kuzisoma. Hapo ndipo taabu ilipo.

Microsoft walitoa programu ya kuandikia kwa kalamu, Windows Journal, mwaka 2002. Mwaka 2016 iliondolewa katika Windows 10 kwa ajili ya usalama, na watu waliokuwa na madaftari ya miaka mingi wakakuta hayafunguki mpaka watie programu ya ziada. Tena mwezi wa Novemba 2021 wenye Notability, inayopendwa sana na watu wa iPad, walitangaza kwamba itakuwa ya kulipiwa kila mwaka, na kwamba hata waliokwisha kuinunua watabakiwa na kazi zake zote kwa mwaka mmoja tu. Kelele zikapigwa, na katika siku chache wakawarudishia wanunuzi wa zamani haki yao. Walio wachache wasingesikilizwa, nadhani.

Dawa yake ni PDF, yaani ukurasa unaoweza kufunguliwa na simu, kompyuta, na hata duka la kupiga chapa. Ni kweli kwamba ukiisha kuutoa hivyo huwezi kuusahihisha kwa urahisi kama mwanzo. Hata hivyo wasomeka, na hilo ndilo tunalolitaka wiki ya mtihani.

Nasi wa Namatala tunayo sababu nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua ilinyesha sana, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu wakafa na maji yakaingia majumbani. Daftari la karatasi likilowa vile halisomeki tena, na tableti ikizama hufa. Lakini PDF iliyokwisha kupelekwa katika simu ya shangazi aliye Jinja maji hayo hayaifikii.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, zima intaneti. Serikali iliweka kodi ya asilimia 12 juu ya data mwezi wa Julai 2021, na programu isiyofanya kazi bila mtandao itakula fedha ya kalamu na sabuni. Andika nusu ukurasa, mkono umelala. Chora duara. Toa PDF, ipeleke kwa Bluetooth katika simu ya rafiki, uone kama yafunguka. Ikiwa programu yajidai kugeuza mwandiko kuwa herufi za chapa, andika "ng'ombe" na "Wanale" uone itakalotoa. Iliyozoea Kiingereza tu itakuletea maneno ya kuchekesha.

Mwenye Samsung asihangaike: Samsung Notes imo tayari, ni bure, nayo hutoa PDF. Mwenye tableti nyingine ya Android ajaribu Saber, ambayo ni bure na mtu yeyote aweza kuona ilivyotengenezwa. Nebo, ya kampuni ya MyScript ya Ufaransa, ndiyo hodari wa kuusoma mwandiko, nayo hufanya hivyo bila intaneti ukiisha kuipakua lugha. Wa iPad watumie kwanza Notes iliyokuja nayo.

Na kila faili ipewe jina kwa tarehe na somo, mwaka ukitangulia, ili zijipange zenyewe: 2025-03-14 Kemia.