Petroli Inayoifaa Pikipiki ya Zamani

Namba ya oktani inayoandikwa kwenye pampu hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kujilipukia kabla mwali ulioanzishwa na plagi haujaifikia. Haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, kama wenye pikipiki wengi wanavyodhani. BSA M20, pikipiki ya Kiingereza iliyoanza kuundwa mwaka 1937 na kutumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano wa 4.9 kwa 1 tu, na mgandamizo mdogo namna hiyo hauigongeshi injini hata kwa mafuta hafifu.

Hofu nyingine huhusu kukosekana kwa risasi, madini yaliyoanza kutiwa katika petroli mwaka 1923 ili kuongeza oktani, ambayo mabaki yake yalitanda kwenye viti vya vali, yaani kingo ambazo vali huzikalia zinapofunga, na kuzikinga zisilike. Hata hivyo, ulikaji huo hushamiri katika injini inayokimbizwa kwa muda mrefu, ilhali M20 ni pikipiki ya mwendo wa pole. Na kwa kuwa risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa watoto, kuondolewa kwake hakustahili kujutiwa.

Adui wa kweli ni ethanoli, kileo kitokanacho na mimea, ambacho tangu Septemba 2021 huweza kufikia asilimia 10 ya petroli ya kawaida ya Uingereza, iitwayo E10. Ethanoli hulainisha mipira na gundi za zamani, huhitaji hewa kidogo kuliko petroli, hivyo kabureta iliyorekebishwa kwa petroli tupu huipa injini mchanganyiko wenye hewa nyingi mno unaoitia joto, na zaidi ya yote hunyonya unyevu. Maji yakizidi, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama pamoja na maji hayo hadi chini ya tangi, mahali hasa ambapo koki huchotea mafuta, na hapo chuma huanza kushika kutu.

Kwa hiyo petroli ya bei ya juu, E5, huifaa M20 kwa sababu ethanoli yake haizidi asilimia 5, wala si kwa sababu ya oktani. Mwenye pikipiki hiyo na ainunue, abadilishe mipira ya zamani, na kabla ya kuihifadhi kwa majira ya baridi afunge koki, kisha aiache injini iungurume mpaka kabureta ikauke.