Chengachenga za Harusi Kutoka Uani Kwetu

Tulipokwenda Takaungu kwa shangazi yetu kumwomba uwanja kwa mara ya pili, alitukaribisha kwa kahawa na kaimati, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kopo mkononi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya nailoni vya rangi ya dhahabu na fedha, vidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Vilikuwa vya harusi ya dada yetu mkubwa, na harusi hiyo ilikuwa imekwisha miaka miwili.

“Uwanja ni wenu, wanangu,” akasema. “Lakini hizi bado naziokota kila mvua inyeshapo.”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililotuuma. Usiku ule wa harusi, zefe la bwana harusi lilipowasili baada ya Isha, vijana wetu walifyatua yale mabomba ya konfeti yanayouzwa madukani. Mmeto ulijaa hewani kwa muda wa kigelegele kimoja, kisha ukashuka. Asubuhi tulifagia mara mbili, tukaaga tukiamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuzipeleka kisimani, kwenye banda la mbuzi, na chini kabisa kwenye mikoko ya ukingo wa mto, ambako maji yakijaa huzichukua na yakipwa huzirudisha. Uwanja ule tulipewa kwa hisani, ukawa amana mikononi mwetu, nasi tukaurudisha ukiwa na taka.

Chengachenga zile za kumetameta ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa aluminiamu. Haziozi. Jua huzivunjavunja zikawa ndogo zaidi, na kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyokuwa rahisi kumezwa na kuku, mbuzi au samaki. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja, kama chupa na sahani, haviruhusiwi katika mbuga na maeneo ya hifadhi, zikiwamo fukwe. Ni ajabu basi kwamba tunaacha mfuko nyumbani, kisha tunakwenda harusini kuzimwaga plastiki kwa makonzi.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe la kurusharusha si letu. Tulidhani hivyo pia, mpaka tulipokumbushwa kwamba wanazuoni walilizungumzia zamani kwa jina la nithari. Imamu Nawawi, katika Minhaj yake inayosomwa na watu wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kwamba kurusha sukari na mfano wake katika shughuli ya ndoa ni halali, na kwamba kuokota ni halali pia ingawa kuacha ni bora. Lakini kilichorushwa enzi hizo kilikuwa kitu cha kuliwa au cha kufaidiwa; hakikubaki mchangani kumsumbua mwenye nyumba. Na sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Mchele nao ulipendekezwa na binamu mmoja, tukaukataa papo hapo: riziki haikanyagwi.

Mama ndiye aliyetuambia tutazame uani kabla ya kutazama dukani.

Boganvilia ndiyo iliyotufaa kuliko yote. Zile tunazoziita maua yake kwa hakika ni majani yenye rangi, makavu kama karatasi hata yakiwa bado mtini, na kwa sababu hiyo hukauka bila kusinyaa sana wala kupoteza rangi upesi. Tulizikusanya za rangi ya zambarau, nyeupe na chungwa kutoka kwa majirani watatu, na hakuna aliyetunyima. Mkungu wa mbele ya nyumba ukatupa majani mekundu na ya manjano, yale yanayoanguka yenyewe. Haya hutobolewa kwa mashine ya kutobolea karatasi, ile ya ofisini, yakatoa viduara vizuri vya kushangaza. Sharti moja tu: yatobolewe siku yale yale yaliyoanguka, yakiwa bado laini, yakikauka huvunjika kama papa za maduka. Watoto waliifanya kazi hiyo jioni tatu mfululizo, wakigombania mashine.

Mawaridi tuliyapata kwa wauza maua jioni, yale yaliyokwisha kulegea ambayo asubuhi yangetupwa, kwa bei ndogo. Petali nyekundu tuliziacha, kwa maana zikikanyagwa mbichi hutoa maji yanayotia doa, na hatukutaka kukutana na bwana harusi mwenye kanzu iliyotapakaa. Tukachukua za waridi hafifu na nyeupe.

Kukausha kunataka subira kuliko ufundi. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Tandaza juu ya ungo au mkeka, safu moja isiyopandana, kivulini penye upepo, maana jua kali hula rangi. Funika kwa kitambaa chepesi, geuza kila siku. Boganvilia zetu zilichukua siku tatu, mawaridi siku tano. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo usifunge chochote chupani mpaka kisikike kikilia mkononi kama karatasi. Beseni letu la kwanza tulilifunga mapema, likaota ukungu, tukalimwaga lote kwenye shina la mgomba. Kwa wageni 100 tulihitaji mabeseni mawili makubwa yaliyojaa, na ili kuyapata ilibidi kuchuma karibu mara tatu ya tulivyokadiria.

Asumini haikaushwi. Hugeuka kahawia na harufu yake hutoweka. Tulinunua vikonyo vyake jioni ya siku ya shughuli, tukavichanganya na rihani iliyochambuliwa majani, dakika chache kabla ya zefe. Harufu iliyopanda ilikuwa ya kikuba cha bibi zetu.

Kuna mambo ya kuepuka. Oleanda, ule mti wa mapambo wenye majani membamba marefu na maua mekundu au meupe, una sumu kila sehemu yake. Usiuguse kwa shughuli hii, hasa penye mbuzi na watoto. Karatasi za rangi huchuja rangi zikilowa. Na tunalisisitiza hili: yeyote atakayekata karatasi kuukuu asikate kadi za harusi zilizoandikwa Bismillahi, wala magazeti ya dini, wala jarida hili lenyewe, majina matukufu yasije yakakanyagwa. Ukiona dukani pakiti iliyoandikwa kwamba inaoza, kumbuka kuwa plastiki nyingine za aina hiyo huoza tu ndani ya mitambo maalumu yenye joto kali. Vuta kipande kimoja kwa vidole: karatasi huchanika, plastiki hunyumbuka kwanza.

Siku yenyewe tulisokota karatasi za kaki zikawa vifuko vyenye ncha, kila mgeni kimoja. Tuliwasimamisha kina mama upande unakotoka upepo, ili chengachenga ziwaendee maharusi badala ya kuwarudia usoni. Hazikumeta. Hilo tuliseme wazi, maana mmoja wa vijana alilalamika kwamba picha zake hazikung’aa kama za mwaka ule mwingine. Lakini zilishuka polepole, zikiyumba, na bi harusi alizikuta kwenye mikunjo ya shela yake usiku alipoivua, nazo zilikuwa bado zinanukia.

Alfajiri tulirudi na mafagio. Shangazi alikuwa ameshatutangulia. Nyingi alikuwa amezifagilia kwenye shina la mlimau, kuku walikuwa wakizichakura zilizobaki, na upande wa mtoni hapakuwa na kitu ila majani juu ya majani mengine. Alitupokea mafagio, akatuambia tukanywe chai kwanza. Tulipoaga alitukabidhi lile kopo la nailoni, tuondoke nalo.