Kwa nini picha ya bibi imegeuka kijani?

Picha pekee ya bibi, ya nyeusi na nyeupe, inachanika. Ukaipeleka studio pale Mhunze wakaiskani, wakasafisha nakala kubwa, ukaitundika karibu na dirisha. Miezi inapita, uso wa bibi unaanza kuwa wa kijani. Nini kimetokea?

Printa nyingi za bei ya kawaida hutumia wino wa dai: rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai. Kijivu chake huchanganywa kwa samawati, majenta na njano. Mwanga huzipausha kwa kasi tofauti. Majenta ikitangulia kufifia, zinabaki samawati na njano, na jicho lako linaona kijani.

Wino wa pigimenti una chembe ndogo sana zisizoyeyuka. Mwanga ukila chembe kwa nje, ndani bado ipo. Tena weusi wake kwa kawaida ni kaboni, elementi ileile ya almasi za Mwadui, hapa hapa Kishapu! Kaboni haipauki kirahisi.

Sasa basi, kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Printa imetengenezwa kwa pigimenti? Ukiimimina kwenye printa ya dai, unaweza kuziba matundu ya kichwa chake. Ina katriji za kijivu, siyo nyeusi moja tu? Na wino mweusi unaendana na karatasi? Upo wa karatasi inayong'aa, na upo wa isiyong'aa.

Ile picha ya zamani usiitupe. Faili nalo litunze.