CD za bei nafuu Kariakoo na River Road: mnunuzi achunguze nini?

Msafiri anayefika Dar es Salaam kutoka Kigali, Bujumbura au Kampala mara nyingi huwa ameagizwa muziki na jamaa zake: taarabu ya Unguja, bongo fleva au nyimbo za injili. Katika maduka ya Kariakoo, kama ilivyo katika maduka ya River Road jijini Nairobi, huweza kukuta CD mbili zenye picha ya mwimbaji yuleyule, moja ikiuzwa kwa bei ya chini mno kuliko nyingine. Tofauti hiyo ina sababu zake, na si kila CD ya bei rahisi ni ya wizi.

Bei ya CD halali hubeba mambo kadhaa. Kuna gharama za studio, malipo ya mtunzi na wapigaji, uchapishaji wa jalada, faida ya msambazaji na ya mwenye duka, pamoja na kodi. Anayenakili kazi ya mwingine hahitaji kulipa lolote kati ya hayo isipokuwa CD tupu na karatasi ya jalada. Ndiyo maana jijini Nairobi, kwa miaka mingi, CD na DVD zilizochomwa mitaani zimeuzwa kwa takriban shilingi 50 za Kenya. Kwa bei hiyo msanii hapati hata senti.

Aina inayowavutia wengi ni CD ya MP3. CD ya kawaida ya muziki huchukua muda usiozidi dakika 80 hivi, yaani nyimbo 15 hadi 20. CD hiyohiyo, yenye nafasi ya megabaiti 700, ikijazwa nyimbo zilizobanwa kwa mfumo wa MP3 huweza kubeba zaidi ya 150. Mnunuzi huona amepata albamu kumi kwa bei ya moja. Hata hivyo, mkusanyiko wa namna hiyo, wenye wasanii wengi wa kampuni mbalimbali, ni nadra kuwa na idhini ya wenye nyimbo. Sauti nayo hupungua ubora kadiri nyimbo zinavyobanwa zaidi.

Sheria za nchi zote mbili ziko wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza pia kutumia stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na sheria hiyo iliweka utaratibu wa stika ya usalama kwenye kazi za muziki na filamu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni jalada: je, lina stempu au stika, na jina la msambazaji limeandikwa?

Jambo la pili ni upande wa chini wa CD. Ile iliyochapwa kiwandani huwa na rangi ya fedha. Iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na wekundu wa zambarau, ubuluu au ukijani. Aidha, viwanda vingi huweka karibu na tundu la katikati alama ndogo inayoanza na herufi IFPI, ambayo humtambulisha mtengenezaji.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi kutoa hukumu. Kiwanda huhitaji oda kubwa ili bei ya kila CD ishuke, na wasanii wadogo hawamudu. Kwaya za makanisani na vikundi vingi vya taarabu huchoma CD zao wenyewe na kuziuza baada ya ibada au kwenye maonyesho. CD hiyo huwa nafuu kwa sababu haikupitia kwa msambazaji wala duka, na fedha humfikia mwenye kazi moja kwa moja.

Ziko njia nyingine za kupata unafuu wa halali. Wenye maduka hushusha bei ya albamu za zamani ili kumaliza akiba. Baadhi ya wasambazaji hutoa CD katika bahasha ya karatasi badala ya kasha la plastiki. Zipo pia CD zilizokwisha kutumika, ambazo wenye haki walilipwa zilipouzwa mara ya kwanza. Ni vyema kuomba CD ipigwe kwenye deki ya dukani kabla ya kulipa, na kudai risiti.

Risiti hiyo ina faida mpakani pia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziweka bidhaa bandia za kila aina katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa nchini. Msafiri aliyebeba katoni ya CD zisizo na stempu ili akauze kwao huweza kunyang'anywa mzigo wote, na unafuu alioufuata ukageuka hasara.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili walio mbali na pwani, liko jambo jingine la kuzingatia. Jalada halali mara nyingi hutaja jina la mtunzi wa shairi, la mwimbaji na la wapigaji. Muziki wa taarabu una historia ndefu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1905. Katika CD ya MP3 iliyochomwa mtaani, nyimbo za muziki huo mara nyingi huandikwa "wimbo wa 1" na "wimbo wa 2". Mtoto anayekua Kigali akiusikiliza ataipenda sauti, lakini hatakuwa na njia ya kujua ni ya nani, wala ya kuutafuta wimbo mwingine wa mwimbaji huyo.