Isiolo ya Mpita Njia na Isiolo ya Mwenyeji

Kwa miongo mingi barabara ya lami kutoka Nairobi iliishia Isiolo, na mbele yake kukawa na vumbi, mawe na kizuizi cha polisi. Hali hiyo ndiyo iliyouingiza mji huu vitabuni. Mwandishi anafika, anajaza mafuta, anatupia soko jicho, anaandika aya mbili kuhusu joto na ngamia, kisha anashika njia ya Marsabit. Lakini kuna rafu nyingine ya vitabu kuhusu Isiolo hiyohiyo, vya watu waliokaa, wakahesabu mifugo, wakasikiliza wazee na kupekua majalada ya serikali. Vitabu vya rafu ya kwanza vinajulikana dunia nzima. Vya rafu ya pili vinasomwa na wanafunzi wachache wa vyuo vikuu. Naamini mambo yangefaa yawe kinyume, na kwamba msomaji wa Isiolo ana haki ya kuzipindua rafu hizo. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: watu wa mahali wanapotajwa kitabuni, je, wana majina yao, na je, wana sababu za kufanya wanayoyafanya?

Tuanze na kile maarufu kuliko vyote. Born Free cha Joy Adamson kilitoka mwaka 1960, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 1966 kikafanywa filamu. Mumewe, George, alikuwa mkuu wa askari wa wanyamapori katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na makao yao yalikuwa Isiolo. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike, kisha akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akabaki. Nakipenda kitabu hiki kwa jinsi kinavyomtazama mnyama kwa subira, siku baada ya siku, bila kumgeuza mtu. Subira hiyo, hata hivyo, inakomea kwa Elsa. Mwanzoni kabisa msomaji anaambiwa kwamba wenyeji wa nchi hiyo wanaishi karibu kama walivyoishi mababu zao, na baada ya hapo hawaulizwi lolote. Nuru, mtunza bustani aliyewalinda watoto wa simba, na Makedde, askari wa wanyamapori, wanatajwa kwa majina, na hilo ni jema. Ila tunayajua mawazo ya Elsa, au yale ambayo Joy aliyadhania kuwa mawazo yake, kuliko tunavyoyajua ya Nuru.

Mtu atasema: kitabu ni cha simba, mbona unakidai wanadamu? Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali kama Joy angenyamaza kuhusu watu. Hakunyamaza, alisema hawajabadilika. Hilo halikuwa kweli. Karibu miaka ishirini kabla ya Elsa kuzaliwa, Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa wakiishi Isiolo walikuwa wamekwisha kugoma kulipa kodi kwa viwango vya Waafrika, wakipeleka malalamiko yao hadi London. Wengi wao walikuwa wazao wa askari waliopigania Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, au askari wenyewe. Keren Weitzberg ameieleza historia yao katika We Do Not Have Borders, kilichochapishwa mwaka 2017. Anaonyesha jinsi sheria ya mwaka 1919 iliyowapa baadhi ya Wasomali hadhi tofauti na Waafrika wengine ilivyowafungulia mlango mmoja na kuwafungia mwingine, hadi wajukuu zao wakajikuta wakidaiwa kuthibitisha Ukenya wao. Baada ya kumsoma Weitzberg, huwezi tena kuusoma mwanzo wa Born Free ukatulia.

Paul Theroux naye alipita huku akielekea Cape Town kutoka Cairo. Katika Dark Star Safari cha mwaka 2002 anasimulia alivyopanda lori la mifugo kutoka Moyale, na jinsi majambazi walivyolifyatulia risasi. Ni mwandishi hodari. Hofu ya dakika zile inamfikia msomaji mifupani. Lakini mwenye bunduki ni jambazi tu, na nchi ni pori tu. Kosa si safari yenyewe. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, nayo ni hadithi ya safari: Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake bara ya Kenya. Wanaokutana naye njiani wana wema wao, uchoyo wao na hesabu zao. Mgeni pia anaweza kuandika hivyo. Masha Hamilton, Mmarekani, aliandika riwaya The Camel Bookmobile mwaka 2007 baada ya kuvutiwa na maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanzishwa na shirika la maktaba la taifa katika miaka ya 1990. Angeweza kuandika hadithi tamu ya Mmarekani anayeleta mwanga. Badala yake alimweka mvulana anayekataa kurudisha vitabu, na wazee wanaouliza kwa hoja nzito kama vitabu hivyo vitawafaa au vitawavunjia kijiji. Wanaopinga wamepewa akili, na ndiyo maana naihesabu riwaya hiyo miongoni mwa vitabu vyenye adabu.

Sasa nije kwenye rafu iliyosahauliwa. Mwaka 1979 wanaanthropolojia wawili wa Uswidi walichapisha vitabu viwili. Suffering Grass cha Gudrun Dahl kinahusu Waborana wa Waso, wale wanaotegemea Mto Ewaso Nyiro. Savanna Town cha Anders Hjort kinahusu mji wa Isiolo wenyewe, na jinsi mtu wa mjini anavyobaki amefungamana na malisho na mifugo ya nyumbani kwao. Miaka mitatu kabla walikuwa wameandika pamoja Having Herds, kitabu kinachopiga hesabu ya mfugaji: ng'ombe anazaa mara ngapi, ngamia anatoa maziwa kiasi gani, kaya inahitaji wanyama wangapi ili isife njaa mvua ikikosa. Kwa maoni yangu kurasa hizo zenye majedwali ndizo zinazomheshimu mfugaji kuliko sifa zote alizowahi kumwagiwa na wapenzi wa jangwa. Zinaonyesha kwamba kundi linaloonekana kubwa mno kwa ofisa wa serikali ni akiba ya ukame, na kwamba anayeagizwa apunguze mifugo anaagizwa apunguze uhai.

Na kuna vita. Kati ya 1963 na 1968 kaskazini iliwaka moto katika mgogoro uliopewa jina la Shifta. Mnamo Juni 1963, kabla ya uhuru, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Nairobi kuna barabara yenye jina la Wabera, na wengi huipita kila siku bila kumjua. Hannah Whittaker, katika Insurgency and Counterinsurgency in Kenya, anakataa kuyaeleza yote kwa neno moja la kujitenga. Wapo waliopigania kuungana na Somalia, wapo waliotafuta malisho, wapo waliolipiza kisasi cha mifugo. Serikali nayo, kuanzia mwaka 1966, iliwakusanya wafugaji kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Huku Isiolo vilikuwa Garbatulla, Merti na Modogashe. Mifugo isiyoweza kwenda malishoni ilikufa, na familia nyingi zikatoka vitani zikiwa mafukara. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani, Isiolo ikiwemo. Mtu aliyesoma haya kisha akamrudia Theroux ataiona bunduki ya barabarani kwa jicho jingine. Haitakuwa na haki zaidi, ila itakuwa na historia.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba vitabu vya wasomi vinachosha. Ni kweli, vingi vinachosha, na vingine vinauzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuigusa. Lakini ugumu ni wa lugha na bei, wala habari zenyewe si kavu: mauaji, njaa, ujanja wa biashara na mapenzi ya mifugo vyote vimo. Pili, kwamba Dahl, Hjort, Whittaker na Weitzberg wote ni wageni kama Adamson. Hapa sitetei ugeni wala uenyeji. Nene Mburu ni Mkenya, na Bandits on the Border chake cha mwaka 2005 kina manufaa, ingawa kwangu kinamtazama sana mwanasiasa na kumsahau mchungaji. Aliyekaa akauliza maswali ya haki amestahili kusomwa, atoke Garbatulla au Stockholm.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Ili rafu zipinduke, nasema habari hizi ziandikwe kwa Kiswahili, lakini Isiolo kuna Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Kwa nini lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yao? Kwa sababu ndiyo wanayokutania sokoni, na ndiyo wanayosomeshwa watoto wao wote katika darasa moja. Watoto hao waliisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei kama kitabu cha mtihani. Riwaya hiyo haiitaji Isiolo, lakini Ridhaa, anayepoteza nyumba na familia katika ghasia za baada ya uchaguzi, anaeleweka vizuri katika mji ambao umewahi kuzika watu wa mapigano ya kikabila. Kama Kiswahili kimeweza kumbeba Ridhaa, kitawabeba wazee wa Merti. Ningeanza na sura za Whittaker kuhusu vijiji, ziwe kijitabu chembamba cha bei ya gazeti, kisha hesabu za maziwa za Dahl na Hjort. Wanawake wa ushirika wa Anolei, wanaokusanya maziwa ya ngamia Isiolo na kuyapeleka Nairobi, wangeweza kuzikagua hesabu hizo za miaka ya 1970 mstari kwa mstari, wakaandika pembeni palipobadilika.