Fahamu: Jinsi sonona inavyoathiri mwili

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomwacha mtu na huzuni nzito, au bila hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 332 duniani wanaugua. Wengi hufika hospitali wakilalamikia dalili za mwili.

Dalili za mwilini

Uchovu usioisha hata baada ya kulala. Kichwa, mgongo na viungo kuuma. Tumbo kuvurugika, hamu ya kula kupotea au kuzidi. Wengine huamka saa tisa usiku na usingizi haurudi tena. Mgonjwa hupimwa malaria na taifodi, majibu hayaonyeshi kitu, kisha anaambiwa hana ugonjwa. Maumivu hayo ni ya kweli, na kumwambia anajifanya ni kumwongezea mzigo.

Kwa nini?

Kemikali za ubongo kama serotonini huhusika na hisia, lakini pia usingizi na maumivu. Kwa baadhi ya wagonjwa, kotisoli, homoni ya msongo, hubaki juu kwa muda mrefu.

Moyo na kisukari

Sonona huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Nayo maradhi ya moyo na kisukari huongeza hatari ya sonona.

Tiba

Ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Zisiachwe bila kumwona daktari. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja.