Saratani ya puru: Si lazima kila mgonjwa abebe mfuko maishani

HOFU ya kujisaidia kupitia mfuko uliobandikwa tumboni huwatia kiwewe watu wanaoambiwa kwamba wana saratani ya puru. Hata hivyo, maendeleo ya upasuaji yamewezesha baadhi yao kuondolewa uvimbe na bado wakaendelea kwenda haja kwa njia ya kawaida.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa takriban sentimita 15. Chini yake ni mlango wa haja kubwa, unaozungukwa na misuli miwili iliyoviringana kama pete. Msuli wa ndani hujibana wenyewe, ilhali ule wa nje mtu huubana kwa hiari anapotaka kujizuia. Uvimbe ukiota karibu na misuli hiyo, daktari hukabiliwa na mtihani mgumu: kuung'oa ugonjwa wote bila kuharibu kizibo hicho cha maumbile.

Mnamo 1908, daktari Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa kuondoa puru pamoja na mlango wa haja. Ncha ya utumbo uliosalia ilitolewa nje kupitia ngozi ya tumbo. Kwa miaka mingi, madaktari waliamini pia kwamba ni sharti wakate sentimita 5 za utumbo usio na ugonjwa chini ya uvimbe. Kwa hivyo, mwenye uvimbe wa chini kabisa hakuwa na budi kuupoteza mlango huo.

Baadaye ilibainika kuwa saratani hii kwa kawaida haienei mbali kuelekea chini ndani ya ukuta wa utumbo. Hatari kubwa zaidi imo katika mafuta yanayolizunguka puru. Mnamo 1982, daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, pamoja na wenzake, walieleza umuhimu wa kuyaondoa mafuta hayo yote yakiwa ndani ya utando wake. Siku hizi sentimita 1 au 2 chini ya uvimbe huweza kutosha.

Mnamo 1994, Rudolf Schiessel na wenzake wa Vienna, Austria, walieleza mbinu ya kupitisha kisu katikati ya misuli hiyo miwili. Msuli wa ndani huondolewa, wote au sehemu yake, na wa nje huachwa. Kisha utumbo hushushwa na kushonwa kwenye mlango wa haja.

Uvimbe uliokwisha kupenya hadi nje ya ukuta wa utumbo aghalabu hutibiwa kwanza kwa miale na kemotherapi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mnamo 2004 ulionyesha kwamba, katika miaka mitano, saratani ilirejea nyongani kwa asilimia 6 ya waliopewa tiba hiyo kabla ya upasuaji, ikilinganishwa na asilimia 13 ya walioipata baadaye.

Licha ya hayo, si kila mgonjwa anayefaa. Iwapo picha ya MRI itaonyesha kwamba saratani imeingia katika msuli wa nje, kuuhifadhi msuli huo ni kuuhifadhi ugonjwa. Aidha, mtu ambaye misuli yake ilikuwa imelegea tangu awali huenda akaishi kwa utulivu zaidi akiwa na mfuko.

Hata wanaofaulu hupitia safari ndefu. Wengi huwekewa mfuko wa muda ili mshono upone. Ukishaondolewa, baadhi yao huenda choo mara nyingi, kwa haraka, au hushindwa kuzuia hewa na kinyesi. Chakula kinachofaa, dawa na mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia, ingawa wengine huishi na hali hiyo kwa miaka. Ndiposa mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema faida na gharama ya kila njia.

Lililo muhimu zaidi ni kuwahi. Damu kwenye choo, au haja iliyobadilika kwa wiki kadhaa, isidhaniwe tu kuwa bawasiri. Uvimbe ulio chini ya puru mara nyingi hufikiwa na kidole cha daktari kilichovikwa glavu. Aibu ya dakika chache katika chumba cha daktari ni nafuu kuliko kuchelewa hadi msuli usiweze kuokolewa, au uhai wenyewe.